Mazoezi ya kubana mtiririko wa damu kwa paja lililosinyaa: hatua kwa hatua

Msimu wa karafuu uliopita nilimhudumia mchumaji mmoja wa Wete aliyeanguka mkarafuuni akavunjika muundi. Mfupa uliunga vizuri, lakini paja lilikuwa limesinyaa, na goti halikustahimili mzigo mzito unaohitajika kukuza misuli. Mgonjwa wa namna hii ndiye anayefaa kwa njia iliyoasisiwa na Yoshiaki Sato wa Japani: mkanda wa hewa hufungwa sehemu ya juu ya paja, damu inayoingia kwa ateri ikapunguzwa na inayorudi kwa vena ikazuiwa, na msuli uliopungukiwa oksijeni hulazimika kufanya kazi kubwa ingawa uzito ni mdogo. Nawaandikia wenzangu wa fiziotherapia. Mgonjwa asijifungie mkanda mwenyewe nyumbani.

Hatua ya 1: Kumhoji mgonjwa. Muulize kama amewahi kupata damu iliyoganda mguuni au mapafuni, kama ana selimundu, presha isiyodhibitiwa, ujauzito, saratani, au mshipa uliotengenezwa kwa ajili ya kusafishia damu. Jibu likiwa ndiyo, usifunge mkanda mpaka daktari wake aseme neno. Suala la selimundu huulizwa kwa haraka mno, nami naomba liulizwe mara mbili, kwa mgonjwa na kwa jamaa aliyemleta.

Hatua ya 2: Mkanda. Tumia mkanda mpana wenye pampu na kipimo, wa sentimita 10 hadi 12 kwa paja. Vipande vya tyubu ya baiskeli, ambavyo baadhi ya vijana hujifunga katika kumbi za mazoezi, sivikubali hata kidogo, kwa kuwa havina kipimo na hukandamiza neva mahali pamoja.

Hatua ya 3: Kutafuta presha ya hewa ya mkanda inayomfaa mgonjwa huyo. Hapa ndipo nilipopoteza asubuhi nzima. Nilikuwa nimesoma kiwango kimoja cha presha nikakitumia kwa kila mtu: mwembamba akapata ganzi, mnene hakuhisi chochote. Kosa lilikuwa kudhani kwamba namba ni ya mkanda, ilhali ni ya mguu. Mkanda mwembamba huhitaji presha kubwa zaidi kuziba ateri, na paja nene huhitaji zaidi ya paja jembamba. Mkao nao hubadilisha jibu, kwa hiyo mpime mgonjwa katika mkao uleule atakaofanyia mazoezi. Kama atakuwa ameketi, kipimo cha kulala hakitoshi.

Weka doplea, yaani kifaa cha kusikilizia mtiririko wa damu, nyuma ya kifundo cha ndani cha mguu, usikilize mapigo, kisha jaza hewa polepole mpaka sauti ikatike. Hapo soma kipimo na utoe hewa yote. Kwa mchumaji wangu sauti ilikatika kwenye milimita 190 za zebaki. Kwa mguu hutumika kati ya 40% na 80% ya kiwango hicho, na kwa mkono 40% hadi 50%. Mimi huanza na 50%, yaani 95 kwake, na sipandishi wiki ya kwanza. Pasipo doplea, kidole kinaweza kupoteza mapigo dhaifu kabla ateri haijaziba, kwa hiyo sikitegemei. Ni afadhali kuahirisha.

Hatua ya 4: Mazoezi. Uzito uwe 20% hadi 30% ya ule anaoweza kuunyanyua mara moja tu. Marudio ni 30, kisha 15, 15 na 15, kwa mapumziko ya sekunde 30, mkanda ukiwa umejaa; baada ya hapo toa hewa. Mwambie tangu mwanzo: “Ami, misuli kuwaka ni kawaida, lakini ukihisi ganzi au maumivu makali nambie papo hapo.” Bonyeza ukucha wa kidole gumba cha mguu, weupe usiporudi kuwa wekundu baada ya sekunde chache, legeza mkanda mara moja.

Hatua ya 5: Baada ya mazoezi. Uchungu wa misuli wa siku moja au mbili hauna neno. Mkojo wenye rangi ya chai nyeusi, muundi kuvimba na kuwa wa moto, au pumzi kukatika ni sababu ya kwenda hospitali siku hiyohiyo, hata ikiwa usiku. Mweleze mgonjwa na mwenzake wa nyumbani kabla hawajaondoka, na uandike kwenye faili presha, mkao na upana wa mkanda, ili mwenzako wa zamu inayofuata asianze kwa kubahatisha.