Usizime Pampu kwa Sababu Jua Limechomoza

Kila Aprili yenye jalidi hapa Chablis, eneo letu la mvinyo Ufaransa, kosa ni lilelile. Mkulima amekesha akinyunyizia mizabibu maji ili baridi isiiue, maji yanaruka, kila tawi limevaa barafu. Jua likichungulia bonde la mto Serein, anazima pampu na kwenda kulala. Machipukizi yaliyopona usiku kucha yanakufa saa mbili asubuhi.

Barafu yenyewe haiokoi kitu. Kinachookoa ni maji yanayoendelea kuganda: gramu moja ikiganda hutoa kalori 80 hivi, na chipukizi linabaki karibu na nyuzi 0. Ukikata maji mapema, unyevu ule unaanza kugeuka mvuke, na gramu moja ya mvuke hunyang'anya karibu kalori 600. Chipukizi changa la Chardonnay, zabibu yetu nyeupe, huanza kufa kwenye nyuzi 2 hivi chini ya sifuri, kwa hiyo halina pa kukimbilia. Nanyi mnajua sheria: mvinyo wa Chablis ni Chardonnay tupu, aina inayowahi kuchipua. Hakuna zabibu nyingine ya kufidia.

Basi uzime lini? Usitazame jua wala saa ya mkononi. Ngoja hadi barafu iachie tawi, maji yaonekane yakipita katikati yake, na kipimajoto chenye utambi uliolowa kipande juu ya 0. Siku nyingine ni saa tatu, nyingine saa nne. Usingizi utasubiri.

Kuwasha nako kuna uzembe. Kipimajoto cha ukutani mwa ghala kinakudanganya. Ghala halina macho, yaani machipukizi, ya kuungua kwa baridi! Kitundike usawa wa macho ya mzabibu, pale shamba linapoinama zaidi, maana baridi hutiririka kutoka mteremkoni na kutuama chini. Hewa ikiwa kavu, cha utambi hufika 0 wakati kikavu bado kinasoma nyuzi 2 au 3 juu ya sifuri. Washa hapo, usingoje. Upepo ukiwa mkali, usiwashe kabisa.

Piga hesabu ya maji mapema: milimita 3 kwa saa ni lita 30,000 kwa hekta, yaani lita 270,000 kwa saa tisa. Bwawa lisilotosha ni hatari kuliko kutomwagilia.

Barafu angavu kama kioo, mambo ni mazuri. Ikiwa nyeupe kama maziwa, maji hayatoshi.

Hatari haiishi hadi katikati ya Mei, kwa hiyo msiyang'oe mabomba mapema. Na safisheni vichujio leo mchana, si saa nane usiku mkiwa na tochi mdomoni.