Somo: Kuandika barua ya ofisini isipotee masjala

Assalaam alaykum wanachama. Somo hili nimewaandikia zaidi vijana mliomaliza skuli na akina mama wa vikundi vya ushirika, Unguja na Pemba, mnaoziandikia ofisi za wilaya kisha mkangoja majibu yasiyokuja. Nimefanya kazi masjala, yaani chumba cha ofisi kinachopokea barua na kutunza majalada, basi nitaieleza barua kwa jicho la karani anayeipokea.

Barua haiendi moja kwa moja mezani kwa mkubwa. Ikifika masjala inagongwa muhuri wa tarehe, inaandikwa kwenye rejista, inatiwa katika jalada la jambo lake, ndipo jalada zima linapelekwa kwa mhusika. Karani asipojua barua inahusu nini, ataitia jalada gani?

Hatua ya 1: Anuani. Juu kulia weka anuani yako: shehia unayokaa, S.L.P. kama unayo, namba ya simu, na tarehe. Chini yake, kushoto, andika cheo cha unayemwandikia na ofisi yake. Usiandike jina. Akihamishwa, barua yenye jina lake huenda ikawekwa pembeni ikidhaniwa ni ya binafsi; yenye cheo itafunguliwa na aliyeshika nafasi. Jambo likihitaji kupita kwa sheha, mkuu wa shehia yako, andika "Kupitia kwa: Sheha, Shehia ya…" na uache nafasi ya maoni na muhuri wake.

Hatua ya 2: Kumbukumbu. Ukijibu barua yao, nakili Kumb. yao, yaani namba ya kumbukumbu iliyo kwenye barua, kama ilivyo, kila nukta na kila mkwaju. Hiyo ndiyo njia ya kulifikia jalada. Wewe mwananchi huna haja ya kubuni ya kwako.

Hatua ya 3: Kichwa. Barua moja, jambo moja. "YAH: MAOMBI" (YAH ni kifupi cha "yahusu") hakisemi kitu. Andika "YAH: OMBI LA KUTUMIA UKUMBI WA SKULI KWA MAFUNZO YA USHONI". Wengine huandika KUH, yaani "kuhusu"; zote zinapokelewa.

Hatua ya 4: Maelezo. Wazee wetu waliandika nyaraka zao kwa hati za Kiarabu, wakaanza na salamu ndefu kabla ya kuingia kwenye haja. Adabu ile naipenda, na kwa barua ya jamaa msiiache. Ofisini mstari mmoja unatosha, kisha nani, nini, kwa nini, lini:

"Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Sisi ni kikundi cha ushirika cha wanawake wa shehia hii. Tunaomba kutumia ukumbi wa skuli kila Jumamosi asubuhi kwa muda wa miezi mitatu, kwa kuwa hatuna pahala pa kuweka vyarahani. Usafi na ulinzi tutausimamia wenyewe. Tunaomba jibu kabla ya mwisho wa mwezi huu ili tuwaarifu wanafunzi."

Hatua ya 5: Mwisho wa barua. Sahihi, jina kamili, cheo chako katika kikundi. Orodhesha viambatanisho.

Hatua ya 6: Nakala. Hapa ndipo ninaposisitiza kuliko pote. Nenda na nakala mbili. Moja wabaki nayo, ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa, urudi nayo nyumbani uitie kwenye faili. Ukiulizwa baadaye kama uliandika, muhuri ndio shahidi wako. Chukua mfano wa ardhi: eka tatu tatu ziligawiwa wananchi baada ya Mapinduzi ya 1964, na leo wajukuu wanazizungumzia urithi. Hapo karatasi iliyotunzwa ina thamani kubwa.

MASWALI YA WANACHAMA

Kutoka Wete: Mwalimu, ofisa kaniambia nimtumie kwa WhatsApp. Inatosha?

Mtumie, mwanangu, kwani kakuomba. Lakini simu yake si jalada. Barua ipeleke masjala pia, au kwa baruapepe ya ofisi ukiweka kichwa kilekile.

Kutoka Mwera: Nimejibiwa na aliyetia sahihi kaandika "K.n.y. Mkurugenzi". Nimjibu nani?

Mkurugenzi. Huyo kasaini kwa niaba yake tu.

Kutoka Micheweni: Shikamoo mwalimu. Mwezi umepita, kimya. Niandike kwa ukali?

Marahaba. Usikasirike kwenye karatasi, maana ukali wako utabaki jaladani hata baada ya hasira kuisha. Kwanza nenda masjala na nakala yako, uulize barua iko kwa nani. Kisha andika ya kukumbushia, kichwa kilekile: "Rejea barua yetu ya tarehe… iliyopokelewa ofisini kwako tarehe… Hadi leo hatujapata jibu. Tunaomba kuarifiwa ombi letu limefikia wapi." Ambatanisha kopi ya ile ya kwanza. Asiyejua habari ataisoma yote mara moja.

Kutoka Mkoani: Bibi yangu hajui kuandika, na barua ni yake. Nisaini mimi?

Hapana. Barua iwe kwa jina lake, atie dole gumba, na wewe uandike chini jina lako kuwa ndiye uliyemwandikia. Awepo na shahidi mmoja. Kabla hajatia dole, msomee barua nzima kwa sauti, na akisema neno fulani silo, libadilishe.