Darasa la kwanza lenye watoto 80: kuanza kusoma kwa Kiswahili

Tangu shule ya msingi ya serikali ifanywe bure nchini Kongo (DRC) mwaka 2019, madarasa ya kwanza ya Lubumbashi yamefurika. Mageuzi ya elimu yanajadiliwa kila mwaka, lakini moja halingoji mtu: mtoto wa Katuba au Kenya, mitaa ya Lubumbashi, ajifunze kusoma kwa lugha anayoijua kabla ya Kifaransa. Sheria ya elimu ya 2014 inaruhusu lugha za taifa kutumika kufundishia.

Tafuta maboksi matupu ya sabuni au biskuti. Kata vipande vya ukubwa wa karatasi ya A4, kila kimoja ukigawe kadi 8. Seti moja ni kadi 25: a, e, i, o, u, kisha silabi za m, b, k na t. Watoto 80 ni vikundi 10, kwa hiyo kadi 250, yaani vipande 32. Andika kwa kalamu nene, herufi ya sentimita 4. Wino wa biki hauonekani kutoka benchi la nyuma.

Konsonanti moja kwa wiki inatosha. Kwa hizo nne tu mtoto anaunda bata, moto, hata kitabu.

Kosa kubwa ni kuimbisha. Darasa zima likipiga kelele "ma, me, mi, mo, mu" unadhani linasoma, kumbe limekariri wimbo. Vuruga mpangilio: onyesha mu, rudi me, ruka ki. Kisha kila siku, vikundi vingine vikipanga maneno, sikiliza kikundi kimoja, mtoto mmoja mmoja, dakika moja kila mmoja. Kwa siku 10 za masomo umewasikia wote 80. Anayekwama akae na anayejua, asipelekwe nyuma.

Mtoto ataandika ba-to-to. Usimfutie! Amesikia vizuri na ameandika anachosema nyumbani. Silabi ya wa ikishafundishwa, weka watoto chini ya batoto: hivi tunasema, hivi kitabu kinaandika. Ukimkemea hapo, kesho hataandika kitu.

Kifaransa kinapoingia ndipo mambo huharibika, kwa sababu herufi ni zilezile na sauti si zilezile. Akiona "lune" atasoma lu-ne, na hajakosea kwa kanuni anayoijua. U ya kuku kwa Kifaransa huandikwa "ou". "Ch" ya "chaise" si ch ya chai, ni sh ya shule. E ya mwisho mara nyingi haisomwi. Tengeneza kadi za Kifaransa kwa wino wa rangi nyingine, zifungwe kwa kamba yake, zisitoke pamoja na zile za kwanza. Anza na hizo tatu, ou, ch na e ya mwisho, kila moja wiki yake.