Kubadilisha Sili ya Oili kwenye Gurudumu la Nyuma la Volkswagen Beetle ya Zamani

Mwenye Beetle ya zamani akikuta oili imetiririka upande wa ndani wa tairi la nyuma, au akiona gari linavuta upande mmoja kila anapokanyaga breki, kwa kawaida huambiwa kwamba sili imekufa, hufungiwa sili mpya, na baada ya wiki chache oili huonekana tena pale pale. Mara nyingi sili mpya haina kosa. Katika gari hili oili ya gia ina njia tatu za kutorokea mwishoni mwa ekseli, na ile sili ya mpira ambayo kila fundi anaijua huziba moja tu. Maelezo haya yanahusu kuziba njia zote tatu kwa mara moja, kazi ambayo mtu mwangalifu anaweza kuimaliza kwa siku moja.

Kabla ya kununua chochote, chungulia chini ya gari ujue lina ekseli ya namna gani. Beetle za miaka ya 1950 na 1960, na nyingi zilizofuata, zina ekseli ya kubembea: giaboksi na difu (gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu mawili ya nyuma) vimo katika kasha moja, na kutoka kila ubavu wa kasha hilo hutoka mrija mnene wa chuma unaokwenda moja kwa moja hadi kwenye gurudumu, ekseli ikizunguka ndani yake. Oili ya gia husambaa ndani ya mirija hiyo na kulainisha beringi za magurudumu, ndiyo maana oili ya giaboksi huweza kuvujia kwenye gurudumu, mbali kabisa na giaboksi yenyewe. Ukikuta badala yake ekseli nyembamba iliyo wazi, yenye mpira mmoja karibu na giaboksi na mwingine karibu na gurudumu, kama zilivyo Beetle zilizouzwa Marekani kuanzia modeli ya 1969 pamoja na aina ziitwazo 1302 na 1303, basi beringi za magurudumu yako hutumia grisi na maelezo haya hayakuhusu.

Jambo la pili ni kuhakikisha kwamba kinachovuja ni oili ya gia. Oili ya gia ni nzito, inanata vidoleni, na ina harufu kali ya kiberiti ambayo mtu aliyewahi kuinusa haisahau. Mafuta ya breki ni mepesi, huoshwa na maji, na hubabua rangi. Ukiyakuta hayo, tatizo ni silinda ya gurudumu na si sili. Kagua pia ule mpira mkubwa unaofunika mrija mahali unapoungana na giaboksi, kwa sababu mpira huo ukipasuka humwaga oili ambayo upepo huisukuma kuelekea gurudumuni, na mtu akavunja breki nzima bure.

Vitu vya kununua ni kifurushi cha sili cha upande mmoja, au viwili ukitaka kufanya pande zote mbili, jambo ambalo ningelishauri kwa kuwa sili ya upande wa pili ina umri uleule. Kifurushi kizuri huwa na sili yenyewe, oringi (pete ya mpira) kubwa, oringi ndogo, gasketi na kotapini mpya, yaani pini ya kukunja inayozuia nati isilegee. Kama duka linakuuzia sili peke yake, tafuta duka jingine. Nunua pia brekishuu za magurudumu yote mawili ya nyuma, maana zilizolowa oili hazisafishiki: hata ukizifua kwa petroli na kuzichoma, oili iliyozama ndani hutoka tena breki inapopata joto. Tena usibadilishe za upande mmoja tu, usije ukawa na gari linalopinda kila linaposimama. Kwa vifaa, utahitaji soketi ya milimita 36 yenye mpini imara, bomba la chuma la kurefusha mpini, jeki, stendi mbili za kuegemeza gari, na spana na bisibisi za kawaida.

Kazi huanza gari likiwa bado chini kwa magurudumu yote manne. Toa kifuniko cha katikati ya gurudumu, nyoosha kotapini uichomoe, kisha weka gari kwenye gia ya kwanza, vuta handbreki, zuia magurudumu ya mbele kwa mawe, na umwombe mtu akanyage breki kwa nguvu. Nati ya katikati ya milimita 36 hufunguka kuelekea kushoto, pande zote mbili za gari. Imefungwa kwa nguvu kubwa sana, na pengine kutu imeishika kwa miaka, kwa hiyo ipulizie mafuta ya kulegeza kutu usiku wa kuamkia kazi, na asubuhi tumia bomba refu badala ya kuruka juu ya mpini mfupi. Usijaribu kuifungua gari likiwa juu ya jeki, kwa maana nguvu inayohitajika inatosha kulisukuma gari likaanguka. Legeza nati tu, usiitoe bado.

Sasa liinue gari, na hapa kuna siri ambayo wengi huigundua wakiwa wamekwisha kulowa. Ukiliinua kwa kushika bodi, gurudumu huning'inia, mrija wa ekseli huelekea chini kwa nje, na mara tu ukifungua kifuniko oili yote iliyomo ndani ya mrija hukumwagikia mapajani. Baada ya bodi kuegemezwa kwenye stendi, weka jeki chini ya ncha ya nje ya mrija na uinyanyue taratibu mpaka iwe juu kuliko giaboksi. Oili itarudi ndani, nawe utafanya kazi pakavu. Karai liwekwe chini hata hivyo.

Toa gurudumu, achia handbreki, na rudisha nyuma marekebisho ya brekishuu ili dramu, ile ngoma ya chuma inayozifunika, isizuiwe. Toa nati uvute dramu. Ikigoma, usiipige nyundo kwenye ukingo, kwa sababu ni ya chuma cha kusubu na hupasuka. Tumia kivutio cha kukodi gereji. Dramu ikitoka, chunguza meno yaliyo katikati yake pale inapovaa ekseli. Meno yaliyolika, yanayoruhusu dramu kucheza mbele na nyuma, hayana dawa isipokuwa dramu nyingine.

Vumbi la breki lililomo ndani lisipulizwe kwa upepo wala kwa mdomo. Brekishuu za zamani zilikuwa na asibesto, na vumbi lake hudhuru mapafu. Lilowanishe kwa maji, ulifute kwa kitambaa, na kitambaa hicho ukitupe kikiwa ndani ya mfuko uliofungwa. Piga picha jinsi springi zilivyokaa, kisha toa brekishuu. Usikanyage pedali ya breki kuanzia hapo, la sivyo pistoni za silinda zitaruka nje.

Mbele yako sasa kuna kifuniko cha beringi kilichoshikwa na bolti nne, ambazo pia ndizo zinazoshika bamba la breki. Weka alama ya upande wake wa chini kabla ya kukitoa, kwa sababu kina tundu la kutolea oili ambalo lazima lirudi likitazama ardhi. Tundu hilo liliwekwa ili sili ikianza kuchoka, oili ianguke nje badala ya kuingia kwenye brekishuu. Likiziba kwa tope, au kifuniko kikifungwa juu chini, uvujaji mdogo hugeuka kuwa gari lisilo na breki upande mmoja. Mafundi wengi hulipuuza. Lizibue kwa waya sasa hivi. Bamba la breki liache mahali pake, usije ukaupinda mrija wa mafuta ya breki.

Kifuniko kikitoka utaona mpangilio wenyewe, na inafaa kuutazama kabla ya kugusa kitu. Kwenye ekseli, kutoka ndani kuja nje, kuna beringi, washa nyembamba, oringi ndogo, halafu pete nene ya chuma ambayo mafundi huiita spesa. Kuizunguka beringi kwa nje kuna oringi kubwa. Sili ya mpira imo ndani ya kifuniko, na mdomo wake husugua juu ya spesa. Haigusi ekseli hata kidogo. Hizo ndizo njia tatu. Oili ipitayo kati ya mdomo wa sili na spesa huzuiwa na sili. Ile inayotaka kupenya kati ya kifuniko na nyumba ya beringi huzuiwa na oringi kubwa pamoja na gasketi. Ya tatu, ambayo ndiyo husahaulika, ni ile inayonyemelea chini ya spesa ikifuata meno ya ekseli hadi katikati ya dramu, na kinachoizuia ni oringi ndogo pekee. Oringi hiyo haiwezi kufanya kazi mpaka ibanwe, na kinachoibana ni ile nati ya milimita 36, ambayo huisukuma dramu, dramu ikaisukuma spesa, spesa ikaibana oringi. Nati iliyolegea, kwa hiyo, huvujisha oili hata kama sili zote ni mpya. Mimi mwenyewe nilibadilisha sili mara mbili katika mwaka mmoja kabla ya kulielewa hilo.

Ivute spesa na uipitishe ukucha juu yake. Kama ukucha unakwama kwenye mfereji uliochimbwa na sili ya zamani, sili mpya haitadumu, basi nunua spesa nyingine. Zungusha beringi kwa kidole vilevile: ikikwaruza au ikitikisika, itabadilishwa sasa, kwa kuwa beringi iliyochoka huifanya ekseli icheze na kuipanua sili. Wapo wanaosema kwamba barabara mbovu ndizo zinazomaliza sili za gari hili. Sikubaliani nao sana. Tommy Fjastad alishinda mbio za Safari za Afrika Mashariki mwaka 1962 akiwa na Volkswagen, tena katika tope na mashimo. Kinachozimaliza kwa kawaida ni uzee wa mpira, spesa iliyolika, na oili iliyojazwa kupita kiasi.

Itoe sili ya zamani kwenye kifuniko kwa bisibisi bapa bila kukwaruza kuta, kisha osha kila kitu na ukikaushe. Sili mpya huingia ikiwa na upande wenye springi ndogo ukitazama ndani, yaani kule oili iliko. Ipake oili kidogo, iweke sawasawa mdomoni mwa tundu, uifunike kwa kipande cha ubao laini, na uigonge polepole huku ukizunguka pembeni, ili isiingie ikiwa imeinama. Ikiinama, itoe uanze upya kwa sili nyingine, maana iliyokwisha kupindika haitengemai.

Rudisha vitu kwa mpangilio uliouona: washa, oringi ndogo iliyopakwa oili, halafu spesa, upande wake wa ndani uliokatwa mshazari ukiielekea oringi ili iipokee. Vaa oringi kubwa na gasketi, telezesha kifuniko juu ya spesa kwa uangalifu mdomo wa sili usije ukakunjika, hakikisha tundu liko chini, na kaza bolti nne kwa msalaba hadi kama Nm 60 (Nm, nyutonimita, ni kipimo cha nguvu ya kukazia). Sipendi kupaka silikoni hapa. Sehemu zikiwa safi haihitajiki, na ikizidi vipande vyake huzurura ndani ya giaboksi.

Funga brekishuu mpya kwa mikono isiyo na oili, safisha dramu kwa petroli hadi ikauke, uirudishe, kisha funga nati kwa mkono, rudisha gurudumu na ulishushe gari chini kabla ya kukaza. Kipimo cha nati hiyo ni karibu Nm 300. Asiye na spana ya kupimia nguvu anaweza kutumia uzito wake mwenyewe: Nm 300 ni sawa na kilo 30 hivi zikining'inia kwenye ncha ya mpini ulio mlalo wenye urefu wa mita 1, kwa hiyo mtu wa kilo 75 akisimama taratibu, bila kuruka, sentimita 40 kutoka katikati ya nati, amefika. Kama tundu la kotapini halijalingana na mkato wa nati, endelea kukaza mpaka lilingane. Kamwe usirudishe nyuma, kwa sababu zilizokwisha kuelezwa. Tia kotapini mpya na uikunje.

Iliyobaki ni oili. Gari likiwa mahali tambarare, fungua kizibo cha kujazia kilicho ubavuni mwa giaboksi upande wa kushoto, ambacho huhitaji ufunguo wa pembe sita wa milimita 17. Giaboksi nzima huchukua lita 2.5 za oili ya gia ya SAE 90 au 80W-90 ya daraja la GL-4, lakini kama hukuimwaga yote utaongeza iliyopungua tu. Imimine polepole na usubiri, kwa kuwa oili nzito huchukua muda kufika ndani ya mirija, na anayeharakisha huiona inafurika tundu akadhani imejaa. Iwe sawa na ukingo wa chini wa tundu, isizidi.

Rekebisha breki kwa kuzungusha kila kirekebishi mpaka gurudumu lianze kukwama, kisha kirudishe meno mawili au matatu. Endesha kilomita chache kwa mwendo wa polepole, ukijaribu breki mahali pasipo na magari, halafu kagua kukaza kwa nati na upande wa ndani wa tairi. Uchunguzi huo urudiwe baada ya kilomita 100 hivi, kwa sababu oringi mpya hutulia na nati huweza kuhitaji kuvutwa hadi mkato unaofuata.