Muulizeni mwenyewe

Mnaoishi Tanga na ndugu mtu mzima mwenye ulemavu wa akili au usonji: mkienda hospitali ya Bombo au zahanati ya mtaani, msimjibie. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unamtambua kuwa mwenye uamuzi wake. Mwombeni daktari amwelekee yeye, atumie maneno mafupi, amwonyeshe kidonge na sindano vyenyewe, amuulize anataka kipi. Kisha nyamazeni. Wengine huhitaji hata nusu dakika kabla ya kujibu, nasi tunakimbilia kusema "hataki", jambo linaloniuma sana. Akichagua kile kilichotajwa mwisho, rudieni swali mkigeuza mpangilio. Jibu likibadilika, huenda hajaelewa, elezeni upya. Nyumbani mzoesheni kuchagua kila siku: samaki wa kuchoma au wa mchuzi, matembezi ya Raskazone jioni au mapumziko.