Mtihani wa Kidato cha Nne: igeuze hofu iwe orodha ya kazi

Hofu ya mtihani wa Novemba huanza mapema, mara nyingi pale matokeo ya mock yanapobandikwa. Mwanafunzi anakaa prepo nzima na daftari wazi, macho yanapita kwenye mistari, kichwani kuna neno moja tu: nitafeli. Sehemu kubwa ya hofu hiyo inatokana na kutojua umeelewa nini na hujaelewa nini. Ndiyo maana tunaanza na kupima. Mwongozo huu ni wa mwenye wiki nane mbele yake. Aliyebakiwa na wiki tatu afuate hatua hizihizi kwa topiki chache.

Hatua ya 1: Ivunje hofu vipandevipande

Chukua karatasi, andika kwa dakika 10 kila kinachokusumbua. Kisha rudi kwenye kila mstari ujiulize: wapi hasa? "Nitafeli Hisabati" haina pa kuanzia. "Siwezi kupata mlinganyo wa mstari unaopita kwenye pointi mbili" ni kazi ya jioni moja. Pointi zikiwa (2,3) na (4,7), mteremko ni (7−3)÷(4−2), yaani 2. Unaingiza pointi moja kwenye y = 2x + c, unapata c = −1, na mlinganyo ni y = 2x − 1. Fanya maswali matano ya namna hiyo bila kuchungulia mfano, kisha ufute mstari huo kwenye orodha.

Yasiyo mikononi mwako, kama ada au ugonjwa nyumbani, yaandike upande wa pili wa karatasi, umpelekee mtu mzima unayemwamini.

Zijue pia alama, maana wengi wanaogopa kitu ambacho hawajakihesabu: A inaanzia 75, B 65, C 45, D 30. Daraja linapatikana kwa masomo saba uliyofanya vizuri zaidi. Anayetoka 38 kwenda 45 amepanda kutoka D hadi C, na alama saba zinaweza kutoka kwenye topiki moja.

Hatua ya 2: Pima topiki zote kwa siku moja

Tovuti ya Baraza la Mitihani la Tanzania, NECTA, ina fomati za mitihani, mitihani iliyopita, na taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa. Hizo taarifa za uchambuzi wanafunzi wengi hawazigusi, na ni hasara kubwa: zinaonyesha swali kwa swali watahiniwa walikosea wapi na kwa nini, pamoja na mifano ya majibu mazuri na mabovu. Kama huna simu, mwombe mwalimu wa taaluma akuchapie za masomo mawili yanayokusumbua zaidi.

Orodhesha topiki za kila somo kwenye kaunta buku. Weka alama ya vema kwa unayoweza kumfundisha mwenzako, nusu kwa unayoikumbuka vipandevipande, msalaba kwa usiyoijua. Anza marudio na zile za nusu. Hizo ndizo zinazolipa haraka, na ushindi wa mapema unakupa nguvu ya kuzikabili zenye msalaba.

Hatua ya 3: Soma, funga, andika

Hapa ndipo marudio yanapofanyika kweli. Kusoma daftari mara nne kunadanganya: maneno yanazoeleka, unadhani umeelewa, kumbe unayatambua tu yakiwa mbele yako. Chumba cha mtihani hakikupi daftari.

Tenga dakika 40. Dakika 15 za kwanza soma kipande kimoja, tuseme moyo kwenye Biolojia. Funga kitabu. Dakika 15 zinazofuata chora kwa kichwa: vyumba vinne, mishipa, mishale ya mzunguko wa damu. Kutoka mwilini inaingia auriko (chumba cha juu) ya kulia, inashuka ventriko (chumba cha chini) ya kulia, inakwenda mapafuni, inarudi auriko ya kushoto, inashuka ventriko ya kushoto, inatoka kwa aota, ateri kuu ya mwili. Ukikwama, usifungue kitabu. Kaa nalo walau dakika moja, maana ule msukosuko wa kutafuta ndio unaokaza kumbukumbu. Dakika 10 za mwisho fungua, sahihisha kwa kalamu nyekundu.

Makosa yatakayojitokeza hapo yanajulikana. Wengi wanageuza pande: upande wa kushoto wa moyo unakaa kulia kwa karatasi, kwa sababu unamtazama mtu aliyekuelekea. Wengine wanaandika kwamba ateri zote zinabeba damu yenye oksijeni, wakati ateri ya mapafu inabeba damu yenye oksijeni kidogo. Wengine wanakariri kwamba ukuta wa ventriko ya kushoto ni mnene bila kujua sababu, kwamba unasukuma damu mwili mzima ilhali wa kulia unaifikisha mapafuni tu. Swali likija kwa "kwa nini", aliyekariri anaishia njiani.

Masomo mengi yanaandikwa kwa Kiingereza, na hapo kuna mtego mwingine. Jielezee kwanza kwa Kiswahili mpaka jambo likae, kisha liandike kwa Kiingereza cha sentensi fupi, wazo moja kwa sentensi. Anayemeza aya nzima ya Kiingereza bila kuielewa husahau neno la tatu, na aya yote inaanguka.

Hatua ya 4: Rudi kabla hujasahau

Hermann Ebbinghaus, mwanasaikolojia wa Ujerumani, alionyesha mwaka 1885 kwamba sehemu kubwa ya tunachojifunza hupotea ndani ya siku chache kisiporudiwa. Pembeni ya kila topiki andika tarehe nne: leo, baada ya siku 2, baada ya wiki, baada ya wiki 3. Kila unaporudi, anza na karatasi tupu. Changanya masomo mawili au matatu kwa jioni moja. Hisabati pekee saa nne mfululizo inachosha bila faida.

Hatua ya 5: Pepa kwa saa

Kuanzia wiki ya nne, fanya mtihani mmoja uliopita kila Jumamosi, ukiweka saa mezani. Mtihani wa saa 3 wenye alama 100 unakupa chini kidogo ya dakika 2 kwa kila alama. Swali la alama 6 lisizidi dakika 11, insha ya alama 15 isizidi 27. Muda ukiisha, ruka.

Ukisahihisha, kila alama iliyopotea ipe sababu: sikujua, sikusoma swali vizuri, au nilikosea hesabu. Ya kwanza inarudi hatua ya 3. Ya pili inatibiwa kwa kupigia mstari neno la agizo kabla ya kujibu: "mention" inataka kutaja tu, "explain" inataka sababu. Ya tatu inataka utaratibu wa kuandika kila hatua, hata unayoiona ndogo.

Usingizi, na asubuhi yenyewe

Kijana wa umri huu anahitaji saa 8 hadi 10 za usingizi, na ubongo hutumia usingizi kuimarisha ulichosoma. Nusu ya kafeini inabaki mwilini saa tano hivi baada ya kunywa, hivyo kahawa ya saa 2 usiku bado inakusumbua saa 7. Usiku wa kuamkia pepa, achana na magrupu ya WhatsApp yanayotangaza maswali "yaliyovuja". Yanakuibia usingizi, yanakutoa kwenye ulichojiandaa, na kuyatafuta ni udanganyifu unaoweza kukufutia matokeo.

Asubuhi, ukiwa bado nje ya chumba, andika kwa dakika 10 unachokiogopa, kisha chana karatasi. Gerardo Ramirez na Sian Beilock, watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago, walichapisha mwaka 2011 matokeo yaliyoonyesha kwamba wanafunzi wenye hofu walioandika hivyo walifanya vizuri zaidi. Ukikaa na moyo unadunda, vuta pumzi ukihesabu 4, itoe ukihesabu 6, mara tano. Soma pepa yote, anza na swali unaloliweza.

Mkitoka, msilinganishe majibu mlangoni. Pepa ya kesho haina uhusiano na ya leo.

Ikiwa kwa wiki mbili hulali, huli, unalia bila sababu, au unawaza kujidhuru, hilo halisubiri mtihani uishe. Mwone mwalimu wa ushauri nasaha au matroni leo. Namba 116 ya huduma kwa mtoto inapigwa bure.