Thioremu ya Banach kwa mwanafunzi wa kalkulasi: anza na kalkuleta

Mpwa wangu alikuja Wete likizo, yuko mwaka wa kwanza, akataka kujua thioremu aliyoitoa mwanahisabati wa Poland, Stefan Banach, mwaka 1922 inasema nini. Tulikaa barazani jioni mbili.

Hatua ya 1. Mpe kalkuleta, usimpe grafu ya simu. Grafu humwonyesha jibu kabla hajalitafuta. Iwe kwenye radiani. Kwenye digrii itaganda 0.99985 na somo limekufa. Aandike 1, abonyeze cos, tena na tena: 0.5403, 0.8576, 0.6543, 0.7935... Mara ya arubaini hivi itatulia 0.7390851. Aanze na namba nyengine, atafika pale pale.

Hatua ya 2. Namba hiyo cos yake ni yenyewe. Iite nukta isiyosogea.

Hatua ya 3. Masharti ya Banach: lini kubonyeza tena na tena kutakufikisha kwenye nukta isiyosogea, moja tu? Jioni nzima ilipotelea hapa, na kosa lilikuwa langu. Nilimwambia inatosha fanksheni ikisogeza namba mbili karibu zaidi kuliko zilivyokuwa. Haitoshi! Chukua x + 1/x, kuanzia 1 kwenda juu. Namba 10 na 11 zinakuwa 10.1 na 11.0909: umbali ulikuwa 1, sasa 0.9909. Umepungua. Lakini anza na 1 ubonyeze: 2, 2.5, 2.9, 3.2448... haitulii milele, kwani ili x ibaki x, lazima 1/x iwe sifuri.

"Mjomba, si zinakaribiana?" Zinakaribiana, ila kwa 100 na 101 umbali unabaki 0.9999, na mbele zaidi upungufu unazidi kuwa haba. Banach anataka namba moja, tuiite k, ndogo kuliko 1, itakayotumika kwa kila jozi: umbali mpya usizidi k mara umbali wa zamani. Kwa cos, baina ya 0 na 1, mteremko hauzidi sin 1, yaani 0.8415 kwa ukubwa. Hiyo ndiyo k, na majibu yote yanabaki humo humo baina ya 0 na 1. Usiliruke hili la pili.

Tena pasiwe na tundu kwenye namba unazozitumia. Nusu ya x, kwa namba zilizo juu ya sifuri tu, inakimbilia sifuri ambayo haimo.

Hatua ya 4. Mwachie x/2 + 1/x, baina ya 1 na 2, aitafute k mwenyewe. Wangu aliipata nusu, kisha akabonyeza: 1.5, 1.41667, 1.41422. Akaitambua kabla sijasema: kipeuo cha pili cha 2.